Mshale wa Mlango wa Tano

"Profesa, chumba chako kinanipumulia," alisema muuguzi, akimtania mdogo wake kama kawaida yake. "Nikikaa pale mezani, shingo inapata ubaridi. Mume sina, nimepata mlango wa kunipepea!"

Mdogo mtu alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Yeye ndiye aliyekokotoa mwendo wa hewa katika wodi ile mpya ya wagonjwa wa kifua. Vyumba vitano vilipangana upande mmoja wa ukumbi, kila kimoja na feni ya kuvuta hewa na kuitupa nje, ili pumzi ya mgonjwa isivuke mlango. Kwenye kompyuta, milango yote mitano ilionyesha namba chanya: hewa inaingia vyumbani. Alitia sahihi kwa moyo mkunjufu. Chumba cha tano kilikuwa na mgonjwa kwa siku ya tatu sasa, na meza ya dada yake ilikuwa mbele ya mlango huo huo.

"Unatia chumvi, dada. Hewa inaingia, haitoki."

"Basi njoo uiambie shingo yangu."

Alikwenda mchana ule ule. Ukumbi ulikuwa mweupe na kimya, ukinuka dawa ya kusafishia sakafu. Alivaa barakoa, akachana ukanda mwembamba wa karatasi laini, akaushikilia mbele ya upenyo wa chini ya mlango wa kwanza. Ukanda uliinama kuelekea chumbani. Wa pili, wa tatu na wa nne, vivyo hivyo. Kwenye mlango wa tano ukanda ulitulia kidogo, kana kwamba unafikiri, kisha ukainuka polepole na kumwelekea yeye.

Ndani, mtu alikohoa.

"Nani hapo?" sauti nyembamba iliuliza. "Naona kivuli chini ya mlango."

"Ni mimi, mzee wangu. Napima hewa."

"Ipime vizuri, mwanangu. Inaniacha."

Alimgeukia dada yake. "Hamisha meza. Sasa hivi."

"Si ulisema natia..." Muuguzi aliyaona macho ya mdogo wake, na utani ukamwishia mdomoni. Waliibeba meza pamoja hadi mwisho wa ukumbi.

Ofisini, aliifungua kazi yake na kuiamuru programu ionyeshe mishale: kila ukuta na kila mlango una mshale wake uliosimama juu yake, na namba chanya maana yake hewa inaufuata mshale huo. Kwenye kuta za nje mishale yote ilitazama nje, kwa kuwa huko programu haina shaka. Lakini mlango wa ndani una chumba huku na ukumbi kule, na hakuna upande ulio nje. Hapo programu huuelekeza mshale kwa kufuata tu upande alikoanzia mchoraji. Ndipo alipokumbuka. Mlango wa tano aliufuta baada ya chakula cha mchana, akauchora upya kwa haraka, akianzia upande wa kinyume. Namba haikusema uongo: feni ya humo haikutosha, na hewa ilifuata mshale kwenda ukumbini. Yeye ndiye ambaye hakuuliza inaelekea wapi.

Mishale minne ilimpa mgongo. Wa tano ulinyooka moja kwa moja hadi kwenye kimraba alichokichora kwa mkono wake mwenyewe na kukiandika: meza ya muuguzi.

Alimwandikia msimamizi wake bila kujificha: kosa ni langu. Kabla ya jioni mgonjwa alihamishiwa chumba cha pili, na cha tano kikafungwa kwa kufuli. Lakini siku tatu hazikuwa na kitufe cha kuzifuta. Daktari alimpima muuguzi, hakuona kitu, akamwambia arudi baada ya wiki nane, kwa kuwa kifua kikuu huchelewa kujionyesha.

Kesho yake mchana, nyumbani kwao, dada mtu alilala akiwa ametoka zamu. Walilala chumba kimoja, pazia likiwa katikati ya vitanda. Mdogo mtu alifunga dirisha, akafunga na mlango, akaketi kitandani kwake. Hakuna kilichotikisika. Kisha pazia, taratibu, likajaa pumzi ya dada yake na kumwinamia.

"Profesa," sauti yenye usingizi ilitoka upande wa pili. "Leo inaingia au inatoka?"

"Lala, dada."

Pazia lilirudi, likajaa tena. Alinyoosha kiganja hadi kikaligusa, akahesabu wiki nane siku kwa siku, wala hakusogeza kitanda chake.