Ebeneza wa Sura ya Tisa

Ebeneza, muuza mbao wa Makambako, alikufa maji akiwa na miaka minne, katika sura ya tisa ya riwaya ya baba yake mdogo, Mzee Kefa. Nje ya riwaya aliendelea kuishi, akanenepa, akafungua banda lake karibu na reli. Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha nne walikuja kumkodolea macho, maana riwaya ile ilikuwa kitabu cha mtihani, na mtoto aliyetumbukia mtoni alikuwa na jina lake na kovu lake la kidevuni.

Mwalimu wao wa fasihi, Anneth, ndiye aliyemvimbisha kichwa.

"Ebeneza, kwa Kiebrania, ni jiwe la msaada," aliwafundisha pale pale bandani, akimnyooshea kijiti kama ramani ya ukutani. "Kuzama kwake ni kuzama kwa matumaini ya taifa."

Ebeneza hakuwa na habari kwamba amebeba taifa. Tangu siku hiyo alitembea kifua mbele, na mteja akiuliza bei ya mbao, alikohoa kwanza.

Kisha binti yake, Esteria, akajifungua mtoto wa kiume. Kwa desturi yao mtoto yule alipaswa kuitwa Ebeneza, kama babu yake. Ubatizo ulikuwa Jumapili, mchungaji anasubiri jina, na babu mwenyewe akaingiwa na ubaridi. Matumaini ya taifa ni sifa nzuri, lakini mbona yalizama? Amrithishe mjukuu jina la maiti? Kitabu chenyewe hakuwahi kukimaliza. Aliishia pale alipozikwa. Akafunga banda, akaenda Njombe kumuuliza muuaji.

Alimkuta Mzee Kefa barazani, kajifunika blanketi, anamenya viazi.

"Kamwene, baba," mzee alimsalimu, akaweka kisu chini kwa heshima. Ebeneza alirithi jina la marehemu babu yake, baba mzazi wa Kefa, kwa hiyo ukoo mzima ulimwita baba tangu akiwa kwenye nepi.

"Baba mdogo, nataka ukweli. Yule mtoto wa kitabuni ana maana gani?"

"Yupi?"

"Mimi! Uliyenizamisha. Mwalimu anasema mimi ni matumaini ya taifa."

Mzee alicheka mpaka kiazi kikamponyoka.

"Taifa! Ulikuwa shetani mdogo wewe. Sura ya saba uliimwagia uji. Ya nane ukaikojolea. Nikitaka kukuchapa, mama yangu ananijia juu: 'Utamchapa baba yako?' Hata kukugombeza sikuruhusiwa! Siku ulipoitia sura ya tisa motoni, nikakaa nikaiandika upya, nikakutumbukiza mtoni. Niliona raha, acha kabisa."

Ebeneza alifura. Jiwe la msaada lote lile, kumbe mkojo!

"Kwa hiyo uliniua kwa hasira tu?"

"Hasira tupu, baba. Nisamehe." Mzee aliinama, akakiokota kiazi chake, akakifuta kwenye blanketi. "Ila nilipokwisha kukuzamisha, kalamu ilinishinda. Ulikuwa umelala kwenye mkeka kando ya jiko. Nikaja kukuwekea mkono kifuani, nione kama unapumua. Nikiandika mistari miwili ya mazishi, narudi tena kukushika. Mama akadhani nimerukwa na akili."

Ebeneza alimpenda mzee yule kuliko alivyowahi kumwambia, na alimkasirikia kwa kumliza bila taarifa. Akafuta uso kwa kofia, akatoa simu, akampigia Esteria.

"Mpeni jina langu," alisema. "Lakini sikia, mwanangu. Msije mkamwogopa eti ni baba. Huyo mtoto akikosea, mgombezeni palepale, halafu mbebeni."