Kengele ya Fundi Mwashi

Jumapili ya jubilei ya usharika wa Kilutheri, Mama Sindano aliamka akiwa amekata shauri, na kwa mtu aliyemjua, hilo lilitosha. Alikuwa mshonaji, tena mzee wa kanisa ingawa ni mwanamke, na mwenye kucheka na acheke. Kamati ilimchagua asome historia ya usharika kwa sababu sauti yake ilikuwa na tabia ya kufika mahali kabla yake.

Karatasi waliyompa ilikuwa safi mno. Iliwasifu waliofyatua matofali, ikamsifu na baba yake, fundi mwashi aliyejenga mnara na kupiga kengele "hadi alipopumzika". Alipopumzika! Mara ya kwanza alipolisoma neno hilo, nusura ajichome sindano.

Mji wote, mdogo vile, uliujua ukweli. Zamani mama mmoja muuza pombe alifariki akiwa ametengwa na kanisa, na baraza la wazee likakataa apigiwe kengele. Fundi akaenda akaipiga. Alipoitwa barazani alisema, "Mnara nimeujenga mimi, kengele nimeipandisha mimi, na yule mama alikuwa jirani yangu. Mnataka nini?" Jumapili iliyofuata, mbele ya watu wote, ikatangazwa kwamba naye ametengwa na meza ya Bwana. Akaondolewa kwenye benchi lake la mbele, akapelekwa la mwisho, mlangoni. Alikaa hapo mpaka mauti yakamkuta, akazikwa kimya kimya.

Tangu mazishi hayo, dada mkubwa wa Mama Sindano hakuingia kanisani. Si kwamba hakuja. Kila Jumapili aliketi kwa fundi viatu ng'ambo ya barabara, akaimba nyimbo zote kutoka huko, mara nyingine akiitangulia kwaya.

"Nitaingia siku watakayomtaja baba palepale walipomtengea," alisema.

Sasa magoti ya dada yalikuwa yamekwisha, na Mama Sindano aliogopa. Alimtaka dada yake ndani akiwa hai, si ndani ya jeneza.

Siku moja kabla ya jubilei alikuwa amemweleza nia yake ya kuusema ukweli mwenyekiti wa kamati, Mzee Tai, ambaye watu walidai hata kulala hulala na tai shingoni.

"Mama, funika kombe mwanaharamu apite," mzee alimsihi. "Tuna wageni kesho."

"Tumelifunika mpaka dada yangu amezeekea nje, na huyo mwanaharamu hajapita bado."

"Basi soma kilichoandikwa."

Moyoni Mama Sindano alisema, liwalo na liwe.

Siku yenyewe kanisa lilifurika, na vipaza sauti vikafungwa hadi nje. Mama Sindano alisimama pa kusomea. Alisoma habari za matofali, akasoma habari za bati la kwanza lililochukuliwa na upepo, watu wakacheka. Alipofika "hadi alipopumzika", akaikunja karatasi.

"Hakupumzika," alisema. "Alitengwa. Alimpigia kengele jirani yake, nasi tukamtenga hapa, hapa niliposimama. Alipokufa yeye, hakuna aliyempigia."

Mzee Tai aliinuka kwenye benchi la mbele. "Mama, hilo halimo!"

"Kwenye karatasi halimo. Kwenye usharika limo." Akamgeukia mchungaji, kijana ambaye bado alikuwa mgeni kwa magomvi ya mji huo. "Mchungaji, naomba baba yangu arudishwe kundini leo. Na apigiwe kengele."

Mchungaji alimtazama Mzee Tai, kisha akautazama umati.

"Usharika ndio uliomtenga," alisema polepole, "na usharika utamrudisha. Apigiwe."

Mpiga kengele alimwangalia Mzee Tai, hakusogea. Mama Sindano akashuka, akapita katikati ya mabenchi hadi mlangoni, chini ya mnara. Alikuta kamba ya kengele iko mikononi mwa mtu. Dada yake alikuwa amevuka barabara, anahema, machozi yanamtiririka.

"Niachie, dada, utaanguka."

"Hebu sogea huko. Wewe utaipiga kama ya harusi."

Aliipiga taratibu, kama baba yao alivyompigia yule mama, akingoja kila mlio uishe ndipo avute tena. Watu walisimama bila kuambiwa. Mama Sindano alilia kwa ile sauti yake yote, wala hakuona haya.

Kisha dada akaiachia kamba, akamshika mdogo wake mkono. Walilipita benchi la mwisho bila kulitazama, wakajikongoja mpaka mbele kabisa.

"Hapa ndipo baba alipokuwa akikaa," dada alisema.

Mzee Tai alilegeza tai yake, akasogea.