Mizani Aenda Kununua Pawa Saplai

Mume wangu ni muuza nyama, na kwake yeye kila kitu duniani thamani yake ni uzito wake. Tikiti maji hulipima kwa mkono, viatu hupima kwa mkono. Hata mtoto wetu alipozaliwa, kabla muuguzi hajamfikisha kwenye mizani, baba mtu alimpokea, akampandisha na kumshusha, akataja kilo. Na Mungu alivyo na utani, akapatia. Tangu siku hiyo hashikiki. Majirani walimpachika jina la Mizani, naye akalipokea kama cheo.

Mtoto huyo sasa ni mwanamke mzima, anafanya kazi kliniki ya meno, na kwa mwezi mzima alikuwa akiunda kompyuta ya gemu juu ya meza yetu ya chakula. Tulikula sahani zikiwa mapajani. Sikulalamika sana; nililalamika kiasi tu. Kila kifaa kilichofika alikijaribu kabla ya kukifunga, hata vifeni vidogo. Ila kadi ya picha hakuiacha mezani. Aliilaza kwenye droo chumbani kwake, kaifunika kwa kitambaa changu kizuri bila kuniomba. Kadi hiyo ndiyo inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini, alituambia, na alijinyima miaka miwili ili aipate.

Kilichobaki kilikuwa pawa saplai, lile sanduku la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawia mashine nzima.

"Ikiwa mbovu haifi peke yake," alisema binti yetu. "Inaondoka na kadi."

Shida ni kwamba duka hufungwa kabla hajatoka kazini, na timu yake ilikuwa ikimsubiri kwa mchezo wa Jumapili. Hapo Mizani akasafisha koo. Mwezi mzima alikuwa akiizunguka ile meza, na hakuna aliyemwomba hata ashike bisibisi. Nasema kweli, nilimwonea huruma, maana mwanamume yule alikuwa na wivu na mashine.

"Nitakwenda mimi," alisema.

"Baba, unajua za kuchagua?"

"Wewe niambie unachotaka. Kuchagua niachie."

"Wati elfu moja. Halisi."

"Halisi ndiyo kazi yangu."

Nikafuatana naye, kwa sababu nina akili zangu timamu.

Muuzaji, mtu mpole mwenye miwani aliyoipandisha kwenye upara, alituwekea maboksi mawili, yote yameandikwa wati elfu moja. Akaligusa la kwanza. "Hii ndiyo ninayoitumia nyumbani kwangu. Hiyo nyingine imeingia wiki hii, bado siijui vizuri."

Mtu mwingine angeishia hapo. Mizani alifumba macho, akaweka boksi moja kila kiganja, akawa anapandisha na kushusha mbele ya wateja wote. Mimi nikajifanya natazama nyaya.

"Hii mapafu," akasema, akilirudisha la kwanza. "Hii ndiyo nyama."

"Mzee, uzito si..."

"Ndugu yangu, umeme ni mzigo. Utabebwaje na kitu chepesi?"

Nilimkanyaga mguu. Akausogeza mguu. Njia nzima alilikumbatia boksi lake kifuani, akimsalimia kila aliyepita, na waliouliza aliwaambia ni pawa saplai ya binti yake, kaichagua mwenyewe.

Jioni binti yetu aliligeuza lile boksi, akasoma upande mmoja, akasoma wa pili, akarudia wa kwanza. Namjua mwanangu: akiwa na shaka hubana midomo. Akaibana. Kisha akanyoosha mkono kuchukua kifaa chake cha kujaribia, chenye vitaa vidogo.

"Hicho cha nini?" baba yake akauliza.

"Kuijaribu tu, Baba, kabla sijaunganisha kadi."

"Kuijaribu? Si nimeichagua mimi?"

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningemjibu mimi. Alisema kwa unyonge, kama mgeni aliyeleta zawadi akaambiwa aiache mlangoni. Binti yetu alimtazama, akakirudisha kifaa mezani.

"Haya, hakuna haja."

Akaenda chumbani, akarudi na kadi yake mikononi, akaipachika kwenye mashine. Nilitaka kupiga kelele, lakini nilielewa anachofanya. Miaka miwili ya kujinyima alikuwa anaiweka rehani ili baba yake asiaibike.

"Nipe hiyo, Baba."

Mizani akaitoa kwenye boksi na masponji yake, akaishika kwa mara ya kwanza ikiwa yenyewe. Akasita. Akaigeuza. Akaihamishia mkono wa kushoto.

"Lete, Baba."

"Subiri."

"Kuna nini?" nikauliza.

Uso ulikuwa umemshuka. "Uzito wote uko kona moja," alisema polepole. "Hapa pana mfupa."

Binti yetu alimulika matundu ya feni kwa tochi ya simu. Ndani, kando ya nyaya nyembamba, palikuwa na bonge la saruji lililofungwa kwa utepe mweusi.

Asubuhi binti yetu aliomba ruhusa kazini, tukaenda dukani wote watatu. Muuzaji alifungua skrubu, akalitoa bonge, akaliweka juu ya kaunta akibaki mdomo wazi.

"Kumbe na mimi nimeuziwa saruji," alisema, akatuomba radhi. Kisha akashusha miwani, akamkazia macho Mizani. "Wewe si wa bucha ya pale kona?"

"Ndiye mimi."

"Ile nyama yako ya kukunja, unayoifunga na uzi..."

Mizani akaanza kukohoa.

"Mke wangu aliifungua, akakuta mfupa umejilaza katikati. Mpaka leo ananiuliza nilikuwa natazama wapi."

Nilicheka hadi nikashikilia kaunta. Binti yetu alijikaza, akashindwa.

"Njoo mchana," Mizani alimwambia, akitazama viatu vyake. "Nitakukatia steki tupu, mbele ya macho yako."

Tukaondoka na ile nyepesi. Njiani hakumsalimia mtu, hata nikaanza kuwa na wasiwasi.

"Ungeiwasha hivyo hivyo?" hatimaye akamuuliza binti yake.

"Ndiyo."

"Na shaka ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo, Baba."

"Na kadi yako?"

"Ingeungua." Akainua mabega. "Wewe ulikuwa umefurahi sana."

Mizani alisimama katikati ya njia, watu wakimpita huku na huku. Machozi yalimlengalenga, na mimi niliyekuwa nimeandaa masimango ya wiki nzima, nikayameza yote.

"Usirudie," alimwambia. "Siku nyingine nikikuletea kitu, kijaribu. Hata nikinuna."

"Utanuna?"

"Nitanuna sana," alisema. "Wewe jaribu tu."