Mkate wa Kepher

Mongina alikuwa akiepua mandazi ya kwanza ya asubuhi, pale Boito, vilimani mbali na bahari, wakati meli ya mizigo ilipoingia na ukungu na kutia nanga katika shamba la chai la jirani yake, Mzee Kimeli. Ilikuwa imeliwa na kutu ubavuni. Kepher, mwana wa Mongina na fundi wa injini, alisimama juu ameshika reli.

"Mama, uko salama?"

"Niko. Mbona umekonda hivyo?"

Kepher alieleza. Mwenye meli alikuwa amewatelekeza katika bandari ya ng'ambo. Hakutuma chakula wala mafuta, na wakubwa wa bandari walizikalia pasipoti zao ili wasishuke. Siku za ukungu meli ilipeperuka yenyewe. Jua likiwaka, ilijikuta palepale bandarini.

"Shuka tu, baba, twende nyumbani."

Kepher alishuka kwa ngazi ya kamba. Alipoyafikia majani ya chai, mguu wake ulizama hadi gotini. Mongina, aliyesimama pakavu pembeni yake, aliukamua upindo wa suruali ya mwanawe, akaonja vidole. Chumvi. Alimshika mkono kwa muda mrefu, kisha kijana akapanda tena. Mongina akafunga mandazi yote kwenye kamba.

Ukungu uliporudi, Kepher alishukuru, lakini mandazi yalikuwa yamevunda kwa unyevu wa bahari.

"Tuchomee ile mkate ya mabaharia wa zamani," alisema. "Unga, maji na chumvi, basi. Ikikauka, irudishe kwa moto tena. Ikiwa ngumu kama jiwe ndio sawa. Tutailoweka kwa chai."

Mzee Kimeli alikuja kukagua miche iliyong'olewa na nanga.

"Kapteni, hii ni shamba ya watu," alisema.

Nahodha aliomba msamaha. Kimeli aliwatazama wale wanaume, mashavu yamebonyea, akaondoka. Alirudi na kibuyu cha maziwa ya mursik, na mkewe Chepchirchir nyuma yake, amejitwika unga. Tangu siku hiyo akina mama wa kanisa walikanda unga kwa Mongina, na tanuri lake la udongo halikupoa. Mabaharia waliuvunja mkate kwa nyundo, wakautia kwenye vikombe, wakala wakicheka. Mpishi wao, mzee wa mbali asiyejua Kiswahili, aliinama juu ya reli kila mara na kuweka kiganja kifuani.

Chifu naye alikuja, akachukua namba ya mwenye meli kwa nahodha, akapiga. Simu iliita, ikakatwa. Alipiga tena na tena. Hadi leo haijapokelewa, na pasipoti hazijarudishwa.

Kisha kiangazi kikaingia. Asubuhi zilikuwa nyeupe kwa jua, na mikate ilirundikana kwa Mongina hadi darini.

Jumapili alisimama kanisani kutoa shukrani.

"Namshukuru Mungu. Nilimwona mtoto wangu, nikamshika mkono, akala akashiba. Na nyinyi majirani, asanteni. Sina ingine."

"Tukuombee nini, mama?" mchungaji aliuliza.

Mongina alitazama dirishani, vilima vikionekana wazi hadi mwisho.

"Ukungu," alisema.

Waumini wakafumba macho.