Kiangazi Ndani ya Kioo

Maji yalivuja tena, safari hii kwenye kona ya nyuma ya sanduku la kioo. Warfa alipiga magoti akayafuata kwa kidole mpaka akapata tundu lenyewe, dogo kama la sindano. Alipangusa, akakausha kwa kitambaa, akasema bismillahi na kubandika tone la gundi.

Nyuma yake mama yake, Maka, alikuwa amekaa kwenye jamvi, uso ameuelekeza mlangoni. Hakugeuka kutazama. Tangu aletwe Garissa alikaa hivyo kutwa nzima, kama abiria aliyewahi kituoni.

Aliletwa na lori kutoka Buna baada ya mvua za mwisho wa mwaka 1996 kukosekana. Ng'ombe wake walikwisha mmoja baada ya mwingine, na majirani wa boma lake wakatawanyika, wengine Wajir, wengine wakavuka mpaka. Warfa alimkuta peke yake na debe la maji lililojaa nusu. Mama alikubali kuja apumzike tu. Sasa alikuwa amepumzika, na kila aliyekuja kumjulia hali alimwambia kwamba anarudi. Salat, dereva wa lori linalokwenda kaskazini kila Alhamisi, alikuwa ameshamwahidi nafasi Alhamisi ya sita baada ya Idd, siku atakayopeleka mahindi ya msaada.

Kule hakukuwa na mtu wa kumpokea. Warfa alijua kwamba mama akirudi Buna kabla ya mvua hataiona mvua nyingine. Alilijua hilo kama anavyojua kioo kitapasukia wapi. Lakini mama hakatazwi. Kila baada ya swala alimwomba Mungu ampe njia, na njia yenyewe hakuiona.

Siku moja alimuuliza mama kwa upole ni kitu gani kinachomkosesha raha katika nyumba hii. Je, ni chakula? Je, ni Naimo, mkewe? Maka alitikisa kichwa. Naimo alikuwa mwema kwake, na chakula kilimshinda kwa wingi.

"Hapa hakuna kitu cha kungojea," alisema. "Mnaamka, mnakula, mnalala. Mtu anajuaje leo si jana?"

Warfa alikuwa fundi wa vioo nyuma ya soko. Kwa miaka ishirini na mitano alikata vioo vya madirisha ya watu bila kujua kusoma majina yaliyoandikwa juu ya milango yao. Mwaka uliopita, akiwa na miaka hamsini na moja, alianza ngumbaru. Kila siku baada ya alasiri alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa kidevu, pamoja na akina mama wauza maziwa na mzee mmoja mlinzi wa benki. Ilikuwa katika darasa hilo Mwalimu Leyla alipowachorea safari ya maji, kutoka mtoni kwenda mawinguni na kurudi, kisha akawapitishia gazeti la zamani lenye picha. Ilikuwa picha ya nyumba ya kioo. Nusu yake ilikuwa maji na nusu nchi kavu, mimea imeota juu ya mawe, na ukungu umetanda. Mwalimu alisema kuna watu ng'ambo wanaotengeneza kitu hicho sebuleni, na humo ndani mvua hunyesha kwa saa yake.

Gazeti lilipita kwa wenzake haraka. Kwa Warfa lilikaa mpaka kengele ikalia.

Kabla ya kuanza kumjengea mama sanduku kama hilo alimwendea sheikh wa msikiti wa mtaani, kwa sababu jambo moja lilimtia hofu: mvua ni ya Mungu, na yeye ni fundi wa madirisha. Sheikh alicheka kidogo, akamuuliza kama wakulima wa kando ya Tana, wanaopandisha maji kwa pampu, wamejifanya miungu. Kisha akamwonya asije akakosa swala ya jamaa kwa ajili ya sanduku.

Basi akalijenga. Kioo alikipata kwenye dirisha la duka lililopasuka pembeni; alikata vipande vitano, akavibandika kwa gundi ya silikoni aliyoagiza Nairobi kwa mtu wa basi. Chini aliweka kokoto, juu yake makaa yaliyopondwa ili maji yasinuke, kisha udongo wa mtoni akaulaza mteremko, upande mmoja mkavu na mwingine ukiishia kwenye kidimbwi. Alipanda majani ya ndago na kongwa, na machipukizi ya matete kwenye ukingo. Kwenye mfereji wa shamba alikamata vyura watatu, akawaleta ndani ya kibuyu cha maziwa, na Naimo akaapa kwamba kibuyu hicho hakitarudi jikoni kwake.

Lakini mvua aliileta Naimo huyohuyo. Alikuwa mfagiaji wa zahanati, na mganga alimruhusu kuchukua mipira ya dripu iliyopitwa na tarehe, ambayo haijatumika. Warfa aliutoboa mpira kwa sindano ya moto, tundu kwa tundu, akaulaza juu ya sanduku na kuuunganisha na jerikeni iliyotundikwa darini. Kulikuwa na kigurudumu kidogo cha kupunguza na kuongeza. Ukikizungusha kidogo, manyunyu. Ukikifungua, mvua ya kweli, ikipiga majani mpaka yanainama.

Ulibaki ukungu. Kwa hilo aliazima bomba la mkono la kunyunyizia kwa jirani yake, Abdille, mfuga mbuzi. Aliliosha mara tatu, kila mara akianza na bismillahi, akalijaza maji safi, akapiga.

Sanduku lote likageuka jeupe. Majirani walikuwa wamejazana mlangoni. Kisha ukungu ukaanza kushuka, majani yakajitokeza moja moja yakiwa yamelowa, na mwanamke mmoja akasema mashallah. Kwenye jamvi Maka aligeuza uso. Aliinua pua kama afanyavyo mtu anaposikia jina lake kwa mbali. Warfa aliliona hilo, na usiku ule alisujudu kwa muda mrefu.

Asubuhi vyura wote watatu walikuwa wakielea, matumbo juu. Kongwa lilikuwa limekunjamana kama karatasi iliyokaribia moto.

Warfa alikaa sakafuni. Naimo alisema labda ni joto, labda ni gundi. Warfa aliwaokota vyura mmoja mmoja. Alikuwa akifikiri kwamba dua yake imejibiwa, na kwamba jibu ni hapana. Zilikuwa zimebaki Alhamisi nne kabla ya safari ya mama.

Ndipo aliposikia jamvi likichakacha. Maka alikuja polepole, mkono mmoja kiunoni, akainama akaingiza pua ndani ya sanduku.

"Hii ni dawa ya kupe," alisema.

"Hapana, Hooyo. Ni maji matupu."

"Bomba lilikuwa la nani?"

Warfa alitaja jina la Abdille na sauti yake ikamwishia njiani.

"Ukaliosha?"

"Mara tatu."

"Mara tatu ni udhu." Alimtazama mwanawe, na kitu kama kicheko kikamtembea usoni. "Dawa ya kupe haijui udhu, Warfa. Wewe uliacha ng'ombe ukiwa na miaka mingapi? Ndama akilamba bomba hili anaanguka. Na chura hana ngozi. Mwili mzima wa chura ni ulimi."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoyasema tangu Idd. Na hakuishia hapo. Aliamuru udongo wote utolewe ufukiwe mbali, mahali ambapo punda hawalishwi. Aliamuru vioo visuguliwe kwa majivu na kuachwa juani siku saba, na kila jioni alikuwa akienda uani kuvinusa, akisema bado. Mipira pia aliinusa. Bomba lilirudishwa kwa Abdille pamoja na ujumbe ambao Warfa aliupunguza makali njiani.

Walijenga upya na kupanda ndago tena. Safari hii mama alikaa karibu, akionyesha kwa fimbo. Udongo wa mtoni peke yake aliukataa, akisema ni mlaini kama watu wa mjini. Akataka uchanganywe na ule mwekundu wa nje ya mji, unaopasuka ukikauka. Vyura pia aliwachagua yeye. Warfa aliporudi kutoka mferejini na kopo lililojaa, mama aliwakataa wote isipokuwa wawili wanene, wenye miguu ya nyuma mizito. "Hawa wanajua kuchimba," alisema.

Warfa alifurahi, na kwa furaha yake akazidisha. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alifungua mvua. Ndago liliota kwa kasi mpaka likagusa mpira, na siku ya saba shina lake likawa jeusi na sanduku likaanza kunuka.

"Unanyesha kama mtu asiyejua kazi," Maka alimwambia. "Nchi gani inanyeshewa kila siku? Funga."

"Mpaka lini, Hooyo?"

"Mpaka niseme."

Akafunga. Siku ya tatu kidimbwi kilipungua. Siku ya sita kilikuwa tope, na siku ya nane vyura hawakuonekana. Palikuwa na matuta mawili tu kwenye udongo. Ndago lilikauka mpaka chini. Warfa alikuwa akiamka na kulitazama sanduku kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Alikwisha kuua vyura watatu na hakutaka wafike watano. Asubuhi moja alinyoosha mkono kukigusa kigurudumu, kidogo tu, matone matano, na sauti ikatoka kwenye jamvi ikimwambia autoe mkono huo.

Maka sasa alikuwa na kazi. Alfajiri alikagua udongo wa pembeni kwa kucha. Akina mama wa mtaani, ambao wengi wao nao walifika Garissa bila mnyama hata mmoja, walianza kupita asubuhi na kuuliza hali ya huko ndani, kwanza kwa mzaha, kisha bila mzaha. Aliwajibu kama anavyojibu mtu aliyerudi kutoka kutafuta malisho: upande wa mawe bado una unyevu, upande wa mlango umekwisha, ndago limekufa juu tu, mizizi iko hai.

Lakini furushi lake alilifunga vilevile. Jumatano alimwomba Naimo kamba.

Alhamisi ya sita Warfa hakwenda kazini. Alikaa kizingitini, ameoga, amevaa kanzu safi, kwa sababu alitaka kumsindikiza mama yake kwa heshima. Alikuwa amemwambia Mungu kwamba ameshindwa na kwamba anamkabidhi. Lori likasimama, likapiga honi, kisha Salat mwenyewe akaingia akipangusa jasho.

"Ayeeyo, bibi yangu, twende," alisema. "Msafara wa malori hautatungoja."

Maka alikuwa mbele ya sanduku, furushi ubavuni. Hakuinuka. Alimuuliza Salat habari za njiani, kama desturi ilivyo, na kama mvua imeshuka Buna.

"Buna hata wingu hakuna."

"Na hapa pia," alisema Maka, akionyesha kioo. "Leo siku ya kumi na moja."

Salat aliinama akatazama udongo uliopasuka, akamtazama Warfa, akarudi kwa bikizee. Warfa aliinamisha macho.

"Mimi nabeba watu wanaokimbia ukame," Salat alisema. "Wewe ndiye wa kwanza kuniambia anabaki nao."

"Nani amesema nabaki? Nimesema nchi hii imekauka kwa neno langu, na kuna viumbe chini. Mtu haondoki katikati." Alilisukuma furushi kando kwa mguu. "Pita Alhamisi ijayo uniulize."

"Nikuulize nini?"

"Kama imenyesha."

Salat aliondoka akicheka peke yake, na lori likaondoka na mahindi yake. Warfa hakusogea kizingitini. Mama yake hakumpa nafasi ya kushukuru.

"Umeiomba?" alimuuliza.

"Nini, Hooyo?"

"Mvua ya humu."

Warfa alikiri kwamba hakuwahi kufikiria kuiomba, maana maji yako kwenye jerikeni na kigurudumu kiko mkononi mwake.

"Na jerikeni, nani ameijaza?"

Alitaka kusema ni yeye, kutoka Tana. Lakini alikumbuka mishale ya chaki ya Mwalimu Leyla, akaanza kumweleza mama: kwamba Tana inatoka kwenye milima mbali sana, na milima inapewa na mawingu, na mawingu yanatoka baharini, na bahari... Mama alikuwa akimsikiliza na kichwa kimeinama upande, kama mtu anayethibitishiwa jambo analolijua.

"Basi omba," alisema.

Waliomba, yeye na mama, na Naimo akatoka jikoni na mikono yenye unga akaitikia amina. Ilipita Ijumaa, ikapita Jumamosi. Jumapili baada ya alasiri Maka alimwita Warfa kwa kidole, bila sauti, akampa ishara akae chini. Jua la dirishani lilikuwa limelala juu ya udongo mwekundu. Nyufa zilikuwa pana kiasi cha kuingia kidole, na kingo zake zimejikunja juu.

Warfa alinyoosha mkono hadi kwenye kigurudumu, akamtazama mama yake. Maka alikuwa ameinua kiganja kumzuia, amekishika hewani, macho hayabanduki kwenye tuta moja. Pale, karibu na mawe, kipande cha udongo kisichozidi ukucha kiliinuka kidogo, kikatua, kikainuka tena. Kiganja kilibaki juu.