Kati ya Chuma na Kisanduku

Vitu viwili vilikaa kwenye meza ya jikoni ya Alby Rasmussen, na Alby hakukiamini hata kimoja. Cha kwanza kilikuwa kijiti cha chuma. Unashindilia majani ya bangi kichwani mwake, unakipasha kwa kibiriti cha gesi huku ukikizungusha kwa ncha za vidole, kikilia tik kukujulisha kimeiva, unavuta. Cha pili kilikuwa kisanduku cheusi cha betri. Unabonyeza kitufe, kinajipasha chenyewe, kikitetemeka, unavuta. Vyote hutoa mvuke, si moshi. Rosalba Zanetti, mwenye duka la vifaa hivyo pale mjini Kyogle, alimpa avijaribu mpaka Ijumaa, kisha arudishe kimoja.

Hilo peke yake lilimtia wasiwasi. Mwenye duka anayekupa mali uende nayo nyumbani, kwa maoni ya Alby, ana lake jambo. Na kisanduku, eti, kilitaka kuunganishwa na simu.

"Simu ijue mimi navuta nini, ili ikamwambie nani?" alimuuliza Merle, mkewe.

"Ikamwambie malkia," Merle akasema. "Kunywa chai yako."

Bangi yenyewe ilikuwa halali. Daktari wa kwenye skrini alimwandikia kwa ajili ya mgongo, ulioharibika kwenye kiwanda cha kupasua magogo. Kabla ya hapo Alby alikuwa akishuka kitandani kwa magoti, akilia kimya asisikike. Sasa alitembea mpaka kwenye boksi la barua na kurudi. Lakini sheria ya huku haijali cheti cha daktari kwa mtu aliyeshika usukani. Polisi akikusimamisha, akakupima mate, kipimo kikaona bangi, leseni imekwenda na maji. Ndiyo maana kila nyumba yenye mgonjwa wa namna hii hujiwekea mtu mmoja safi wa kuendesha gari. Katika nyumba hii alikuwa Merle.

Tena uani kulikuwa na Warwick, kaka yake Merle, aliyehamia na karavani yake, kijumba cha kukokotwa na gari, tangu mafuriko yalipomchukulia nyumba mjini Lismore. Warwick alikuwa mlevi wa kutajwa zamani, akaacha. Aliacha kwelikweli, hata soda ya tangawizi aliinusa kwanza. Kila mtu mjini alimpongeza. Alby alimpongeza pia, kwa mdomo.

Jumanne, alipoamka usingizi wa mchana, Alby alifungua kisanduku akitaka kumalizia majani ya asubuhi. Aliyaacha yamegeuka rangi kidogo tu, ukijani bado umo. Sasa yalikuwa ya kahawia iliyokolea, yamekauka kama majani ya chai yaliyosahauliwa juani. Mtu wa mvuke huyasoma majani yake kama mpishi anavyosoma kitunguu kwenye mafuta, anajua pale pale kimefika wapi. Haya mtu alikuwa ameyamaliza.

Machale yakamcheza. Jumatano alijaza majani mabichi kote kuwili, kwenye chuma na kwenye kisanduku, akaviacha rafuni barazani, akaenda kujilaza macho wazi. Usingizi ukamwiba. Alipotoka, ya kwenye chuma yalikuwa kijani kama alivyoyaweka. Ya kwenye kisanduku yalikuwa kahawia.

Merle alikuwa amekwenda mjini kununua vitu. Warwick alikuwa uani, analizungushia plasta bomba la maji ya mvua lililopasuka. Alby alimwendea ameshika kiuno, hasira imemtangulia.

"Shemeji, dawa yangu inavutwa."

Warwick hakuinua kichwa. "Na nani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Hapa tuko watatu. Mimi nilikuwa nimelala. Merle hata sherehe za Krismasi haonji mvinyo. Nani amebaki, mbwa?"

Warwick aliweka plasta chini. Alitazama barabara, upande ambao gari la Merle lingetokea. Uso ulimwiva, na Alby akasema moyoni, huyo, nimemshika.

"Haya," Warwick akasema. "Ni mimi."

"Unakiri?"

"Si ndicho ulichokuja kutafuta? Nimevuta. Kile chako cha chuma, nimekichoma nikavuta. Umeridhika?"

"Miaka yote tunakupigia makofi, kumbe umebadilisha chupa tu! Ondoka kwangu. Leo hii."

Warwick hakubishana. Alifunga karavani nyuma ya gari lake, akapita langoni polepole asije akalikwaruza. Alby alimwangalia mpaka akapotea kwenye kona, na kwa dakika chache alijisikia vizuri sana. Mtu wa kushuku hana siku tamu kama siku aliyopatia.

Aliingia jikoni kujitengenezea chai. Maji yalikuwa hayajachemka neno la chuma lilipomrudia. Chuma hakikuguswa. Chuma kilikuwa rafuni na majani yake mabichi. Mwizi gani anayekiri kuvunja mlango ambao hakuupitia? Warwick hakujua hata kifaa gani kilivutwa. Alitaja kile alichozoea kukiona mkononi mwa Alby. Na aliyevuta, mbona alipenda kisanduku tu, cha polepole, wakati chuma ni cha haraka?

Gari la Merle likaingia. Alby alisimama dirishani, akamtazama mkewe kama mtu anavyomtazama mgeni. Merle alifunga buti la gari kwa kiwiko. Mifuko aliitundika kwenye mikono, juu karibu na viwiko. Ufunguo wa mlango aliushika kwa kiganja kizima, akauzungusha kwa bega.

"Merle," Alby alisema mkewe alipoingia. "Kipashe hiki." Akampa chuma na kibiriti cha gesi.

Merle alivitazama. Kibiriti hakukigusa. "Huwezi kuniambia tu kwamba umejua?"

"Vidole?"

"Vidole. Vinauma, vinakakamaa, tangu baridi ya mwaka jana. Kile siwezi kukizungusha, kinaniponyoka. Hiki kingine nabonyeza kwa kifundo cha kidole."

"Mwaka mzima, Merle! Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie ufanyeje? Ungeacha dawa siku hiyohiyo ili uwe wewe wa kuendesha. Nilikuona wakati ule, Alby. Ulidhani sikusikii ukilia. Mimi sitaki kukuona tena hivyo."

"Na umekuwa ukiendesha? Wakikupima je?"

"Ndiyo, nimeendesha. Kila nikiona taa ya polisi nageuzia njia ya nyuma." Alikaa kitini. "Warwick alinishtukia juzi kwa harufu, kifaa chenyewe hakukiona. Kasema atatuendesha yeye, lakini sharti nikuambie mwenyewe. Nilisema nitakuambia baada ya Ijumaa, ukishachagua kifaa." Akageuza shingo kuelekea uani. "Karavani iko wapi?"

Alby alimwambia. Hakuficha kitu, hata ile ya kubadilisha chupa. Merle hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Amekubali kuitwa mlevi kwa ajili yangu," alisema. "Na wewe ukamwamini haraka hivyo, wewe usiyeamini kitu. Nenda kamrudishe."

"Kwa gari gani? Mimi nimevuta. Wewe umevuta."

"Una miguu."

Akaenda. Uwanja wa maonyesho ya kilimo, wanakoegesha wenye karavani, uko ng'ambo ya daraja, na Alby alipumzika kwenye kila nguzo. Alipofika jasho linamtiririka. Warwick alikuwa mlangoni mwa karavani anakula pai ya nyama.

"Amekutuma," Warwick akasema.

"Amenituma. Shemeji, nimekukosea. Nimekuvunjia heshima na ulikuwa unamsitiri dada yako. Nisamehe."

"Na asingekutuma?"

Alby alitaka kusema angekuja. Lakini alijijua, na Warwick alimjua. Akashika nguzo ya kamba ya nguo asianguke.

Warwick alifuta mikono. "Panda gari. Mgongo huo hautakurudisha."

Ijumaa aliwapeleka kwa Rosalba, kisha hospitali kwa ajili ya vidole vya Merle. Alby alirudisha chuma alichokipenda, akabaki na kisanduku, na jioni ile Merle alilala bila kupiga kite. Lakini karavani ilibaki uwanjani. Warwick alisema ataendesha kila watakapomhitaji, kulala atalala kwake.

Ijumaa hiyo, alipowashusha langoni, hakuingia hata kwa chai. Alimngoja Merle ashuke, kisha akamwita Alby dirishani. Akatoa mifuko yote ya suruali nje, bitana zikaning'inia, akaweka funguo, leso na peremende juu ya dashibodi.

"Kagua, shemeji," alisema taratibu. "Nisije nikakukosesha usingizi."

Merle aliona, akajifunika uso. Alby alisimama pale, hajui akitazame kitu gani, na Warwick akangoja kwa subira, mikono juu ya usukani, mpaka atazame.