Pijo ya Wakulima Ilivyorudi Nyumbani

Jumanne moja ya mwezi wa saba, jua likiwa linaelekea kuzama, Ng'washi alikuwa amekaa mkekani uani kwake akichambua pamba. Nyeupe aliiweka kulia, fifi, ile iliyochafuka, kushoto. Mbuzi walikuwa wanaingia zizini. Nyuma ya mbuzi wa mwisho likaingia gurudumu la gari, limesimama wima, linabiringika pole pole kama kitu kilichotoka mbali. Lilipofika mlangoni mwa zizi likasubiri mbuzi wapite, kisha nalo likaingia, likalala ubavu.

Ng'washi alimaliza pamba iliyokuwa mkononi mwake, akainuka kwenda kulitazama. Rimu ilikuwa na alama za nyundo upande mmoja, pale mumewe Masalu alipoinyoosha baada ya kugonga jiwe njia ya Nkoma. Akalifahamu. Akafunga zizi kwa miiba, akaenda kusonga ugali.

Kesho yake jioni likaja la pili, na keshokutwa yakaja mawili pamoja.

Gari lenyewe lilikuwa Pijo 404, pikapu ya rangi ya maziwa, gia yake iko kwenye usukani. Wakulima wa kijiji walikatwa fedha za pamba yao misimu mitatu mpaka chama chao cha msingi cha ushirika kikainunua, na Masalu akaiendesha miaka kumi na minane. Ilibeba pamba, mbolea, wajawazito, maiti, na siku ya Krismasi kwaya. Ilipoharibika Masalu aliitengeneza mwenyewe uani, na Ng'washi ndiye aliyemshikia taa na kumpa spana. Shule aliishia darasa la tatu, lakini ukimwambia spana namba kumi na nne, hakukuletea kumi na tatu.

Halafu likaja tangazo kwamba sasa pamba itanunuliwa na yeyote mwenye fedha. Meneja wa chama, Kristofa, akamwambia Masalu aache ufunguo mezani aende akapumzike. Asubuhi gari halikuwepo. Kristofa akaenda polisi akasema dereva ameliuza. Masalu akafungwa miaka saba. Siku ya hukumu Ng'washi aliuliza kama hakuna namna yoyote, na hakimu, ambaye hakuwa mtu wa kukaripia watu, alimjibu kwamba gari likipatikana zima, faili linaweza kufunguliwa upya. Ng'washi aliyaweka maneno hayo kichwani kama mtu anayeweka mbegu. Kristofa msimu huohuo akawa mnunuzi wa pamba, ana mzani wake na lori lake.

Kwa hiyo magurudumu yalipoanza kurudi, Ng'washi hakuuliza yametoka wapi. Alijua yanakokwenda.

Milango ilikuja Ijumaa. Mlango wa gari hutembea kwa pembe zake mbili za chini, mara hii mara hii, kama mtu aliyebeba debe la maji. Wa kushoto ulifika kwanza. Wa kulia ulichelewa kwa sababu ya bawaba iliyolegea, ukaingia watu wakiwa wanakula. Baada ya hapo zikaja taa, usukani, springi na ekseli ya nyuma. Kiti kilikuja kimefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua. Ng'washi alikifua kitambaa, akakikunja, akampelekea Wilhelmina, mke wa Kristofa, kule Bariadi mjini. Wilhelmina akakipokea, akasema alikuwa amekalia kile kiti anakula karanga kilipoondoka, ikabidi asimame. Kisha akampa Ng'washi maji ya kunywa na kumsindikiza mpaka barabarani.

Bodi ilikuja na chesisi yake Jumapili watu wakitoka kanisani, wakaipisha. Kristofa alikuwa ameifanya banda la kuku nyuma ya nyumba yake, na kuku walikuwa bado wamo, mmoja anaatamia. Hao hawakuwa wa chama. Ng'washi akawarudisha kesho yake pamoja na mayai kumi na moja, akiwa ameyafunga kwa pamba yasivunjike.

Injini ndiyo iliyochukua muda. Ilitembea siku tatu, na ilipofika ilikuwa nyeupe kwa unga, maana ilikuwa inaendesha mashine ya kusaga ya Kristofa. Ng'washi aliipangusa kwa kanga kuukuu.

Injini ilipofika, watu waliona sasa jambo hili limefika pa kuitwa Ndaki. Ndaki ndiye mfuata nyayo mkubwa wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji. Desturi ya huko, ng'ombe akiibwa, watu hufuata nyayo zake, na mji ambao nyayo zimeingia bila kutoka, mwenye mji huo ndiye anayejibu. Ndaki akaja na fimbo yake, akazunguka ua wa Ng'washi mara mbili ameinama, kisha akamsalimia Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, bhabha."

"Nyayo zimeingia hapa. Hazijatoka."

"Ng'ombe akirudi kwao naye hatoki," Ng'washi akasema. "Wewe fuata alikotoka."

Ndaki akafikiri. Maisha yake yote alikuwa amefuata nyayo kwenda mbele, hakuna aliyewahi kumtuma kinyumenyume. Akachukua watu wawili na maji ya kibuyu, wakaondoka. Njia ya injini ilikuwa rahisi, mburuzo kama wa gunia na tone la oili kila hatua kumi. Wenzake walimsikia akisema, hapa amepumzika, hapa amewapisha ng'ombe wa watu, hapa mtoni amekunywa. Baada ya siku tano akarudi, akasema mbele ya wanakijiji kwamba nyayo karibu zote zinatoka kwenye ua mmoja, wa Kristofa. Zilizotoka kwenye maduka, wenye maduka walisema vitu walivinunua kwa huyohuyo Kristofa. Pijo nzima ingejulikana hata na watoto, ndiyo maana aliifungua vipande vipande, vingine akavitumia, vingine akaviuza.

Kristofa alikuja mwenyewe na lori lake. Alivaa suti ya kaunda, akamsalimia Ng'washi vizuri, akakataa kiti.

"Shemeji, vitu hivi ni vyangu. Nilivinunua."

"Ulinunua kwa nani?"

"Kwa chama."

"Aliyekuuzia nani?"

Aliyekuwa anauza vitu vya chama ni meneja, yaani Kristofa mwenyewe.

"Shemeji, mambo yamebadilika," Kristofa akasema. "Siku hizi soko ni huria. Kila kitu kiko huru."

"Basi na hivi viko huru," Ng'washi akamwambia. "Vimekuja vyenyewe."

Watu waliokuwa wamesimama uani walicheka, na Ndaki, ambaye huwa hacheki, alitazama ncha ya fimbo yake. Vijana wa Kristofa walipakia injini kwenye lori. Ilishuka nyuma lori likiwa halijafika mtoni, ikarudi, na safari hii ilijua njia, haikuchukua hata saa moja.

Kilichobaki kilikuwa gasketi ya hedi, lile bamba jembamba la kuziba kati ya injini na kifuniko chake. Ile ya zamani ilikuwa imeungua kwenye mashine ya kusaga, na kilichoungua hakirudi. Ng'washi akamfunga mbuzi jike kamba, akaenda Bariadi kwa Joakim, muuza vipuri. Duka la Joakim mwaka ule lilikuwa limejaa maboksi mapya mpaka barazani, na yote ni ya magari ya Kijapani. Joakim alimkumbuka, kwa sababu bampa ya ile Pijo ilitoka dukani kwake kwa miguu, ikaangusha kopo la misumari.

"Mama, ile bampa niliitolea hela yangu."

"Najua, baba. Ndiyo maana nimekuja na mbuzi, ana mimba. Nipe na gasketi."

"Gasketi ya Pijo 404? Mama, Pijo imezeeka, imestaafu. Dunia ya sasa ni Toyota."

"Wewe mama yako yuko hai?"

"Yupo."

"Amezeeka?"

"Sana."

"Umeshampata mwingine wa Kijapani?"

Joakim alicheka mpaka akakaa kwenye boksi. Kisha akapanda ngazi, akatafuta juu ya kabati kwenye vumbi, akashuka na gasketi ya shaba imeviringwa kwenye gazeti la zamani. Alisema ilikuwa pale tangu kabla yeye hajaoa. Akaongeza na plagi nne bila kuombwa. Akamwambia pia kwamba huko Nassa kuna mzee mmoja muuza samaki, Shigela, naye ana 404 na amegoma kuiuza, akipungukiwa feni au pampu ya maji amtumie salamu. Wenye Pijo walikuwa wamebaki wachache, wakijuana kwa majina kama watu wa ukoo mmoja, huyu anampa huyu bushi, huyu anamlipa kwa sato mkavu.

Ng'washi aliiunganisha Pijo kwa wiki tatu. Vitu vilikuwa vimejipanga uani kila kimoja karibu na mwenzake, kwa hiyo hakupoteza muda kutafuta. Alikaza hedi kwa zamu, kuanzia katikati kwenda pembeni, kama alivyomwona Masalu. Nafasi kati ya platini, zile ncha mbili zinazotoa cheche ya kuwasha injini, aliipima kwa kipande cha boksi la sigara ambacho Masalu alikuwa anakihifadhi kwenye kopo la dawa ya meno. Alizungusha hendeli mara nne. Mara ya tano Pijo ikawaka, ikatoa moshi wenye harufu ya unga. Kuendesha akajifunza kwenye shamba la pamba lililokwisha kuvunwa, akang'oa mabua mengi ambayo hata hivyo yalikuwa yang'olewe.

Akaenda nayo mahakamani. Ndaki alikaa mbele na fimbo yake, na wakulima kumi na wawili nyuma. Hakimu alikuwa yuleyule. Akatoka nje, akalizunguka gari, akamwita karani asome namba ya chesisi. Namba ililingana na ile ya kwenye faili.

"Gari ndilo lenyewe," hakimu akasema. "Limepatikana wapi?"

"Nyumbani kwangu," Ng'washi akasema, kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli.

"Nyumbani kwa mfungwa," hakimu akamwambia karani, na karani akaandika.

Ndaki akaomba kusema. Akaeleza nyayo zote, za gurudumu, za mlango, za injini, mahali zilipopumzika na ua zilikotoka. Alieleza vizuri, bila kuongeza. Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akasema sheria haina mahali pa kuandika nyayo za mlango. Kilichopo ni kwamba dereva alishitakiwa kuiba gari, na gari limeonekana kwake. Kama awali alikuwa na shaka kidogo, sasa hana. Faili lilifunguliwa kama alivyoahidi, likaongezwa ukurasa mmoja, likafungwa. Kristofa hakufika. Siku hiyo alikuwa anapima pamba.

Pijo ikazuiwa kama kidhibiti cha kesi, ikaegeshwa chini ya mwarobaini nyuma ya mahakama, na Ng'washi na wenzake wakarudi kwa miguu. Walipofika mtoni jua likizama, ikawapita taratibu, haina mtu, ikasimama ng'ambo kuwasubiri. Mlinzi wa mahakama alipoulizwa alisema alifungua geti kwa sababu ilipiga honi. Watu wa mahakama walikuja kuichukua, ikarudi. Wakaichukua mara ya pili wakaifunga mnyororo, ikarudi na mnyororo, Ng'washi akawapelekea mnyororo wao. Mara ya tatu aliyetumwa alikuja na barua tu, kwamba kidhibiti kitatunzwa hapo kilipo mpaka litolewe agizo jingine. Agizo jingine halijatolewa.

Msimu uliofuata wakulima walipakia pamba yao kwenye Pijo, kila mmoja akileta petroli yake kwenye galoni, wakapita mbele ya mzani wa Kristofa bila kupunguza mwendo, wakaenda kuuza mbali. Kristofa hakufilisika. Alinunua kwingine, akaongeza lori la pili, na uchaguzi ulipofika akagombea udiwani, akaupata. Akipishana na Pijo barabarani huinua mkono. Ng'washi hupiga honi mara moja, ndefu, mpaka amalize kupita.

Na kila Jumapili Ng'washi anakwenda gerezani. Kuonana na mfungwa kunaruhusiwa mara moja kwa mwezi, lakini hakuna aliyekataza kuja. Anaegesha nje ya ukuta, anafungua boneti, anaiacha injini inaunguruma. Mwanzoni askari wa getini walimwambia aondoke. Baadaye wakazoea, mmoja wao akawa anamletea stuli.

Jumapili moja ya mwezi wa tatu, baada ya mvua, askari alitoka akasimama karibu na boneti, akakohoa.

"Mayu, mfungwa Masalu anasema platini zimekaribiana. Anasikia inakatakata. Anasema weka karatasi mbili, siyo moja."

Ng'washi alizima. Akafungua kopo la dawa ya meno, akatoa kile kipande cha boksi la sigara, akakichana katikati, akaviweka pamoja, akapima, akakaza skrubu.

"Lakini mayu," askari akasema, siyo kwa ukali, "hapa si gereji."

"Na humo ndani si kwake," Ng'washi akamjibu.

Akazungusha hendeli. Pijo ikawaka mara ya kwanza, haikatikati tena. Akaketi kwenye stuli, akaiacha iungurume, zilikuwa zimebaki saa tatu jioni ifike, na miaka minne na miezi miwili Masalu atoke.